Mzabuni Namba Nne

Kila Jumatatu saa moja asubuhi, Noelene husoma orodha ya wazabuni wenyeji mbele ya wakubwa wa mtambo wa gesi, Karratha. Ndiyo kazi yake mwaka wa kumi na sita huu: kuhakikisha kampuni za Waaborijini, wenyeji wa asili wa jimbo hili la Pilbara, nazo zinapata zabuni. Jumatatu ile alipofika namba nne na kulitamka jina, mlango ulifunguliwa na mjomba wake akaingia. Alikuwa amezikwa kwao, mji wa Roebourne, siku kumi na moja kabla. Alivaa shati jeupe la maziko, na vumbi jekundu lilimjaa mabegani. Craig, meneja wa manunuzi, aliondoa mkoba wake kitini ili mzee apate pa kukaa.

"Humu haingii mtu bila buti," alisema mlinzi. Wakamletea buti.

Roebourne mtu akifa, jina lake hulazwa. Halitamkwi, na hata somo wake hupewa jina jingine, marehemu asije akadhani anaitwa. Ndiyo maana katika hadithi hii halimo. Lakini jina la mjomba lilikuwa kwenye malori yote ya kampuni ya kufunga majukwaa ya vyuma ya mafundi. Mwenyewe hasa ni Brett, mzungu wa Perth, aliyemwomba mzee saini tu, awe mwenye kampuni kwenye karatasi. Malipo ya mzee yalikuwa kofia moja. Noelene ndiye aliyeiandikisha kampuni kwenye orodha. Alijua ilivyo, akanyamaza, kwa sababu mwaka ule orodha ilikuwa na majina matatu tu.

"Nilipokuwa hai hamkuniita hata kubeba ubao," mjomba alisema, akipuliza chai. "Nimekufa, naitwa mchana kutwa. Miguu inauma, mwanangu."

Noelene alimpigia Brett simu.

"Badilisha jina la kampuni. Mzee apumzike."

"Nikilitoa, mimi ni nani? Mzungu mwenye vyuma tu, na wa namna hiyo tuko wengi."

Akamwendea Craig, aifute kampuni kwenye orodha. Craig alimsikiliza hadi mwisho. Alisema wakiifuta watashuka chini ya kiwango cha wazabuni wenyeji walichoiahidi serikali.

"Halafu, Noelene, niambie ukweli. Mzabuni gani mwingine amewahi kuja kikaoni mwenyewe?"

Akamwandika mzee kwenye daftari la mahudhurio.

Nyumbani mama yake Noelene alikuwa akichoma majani mabichi na kufukiza vyumba, kuisindikiza roho ya kaka yake iondoke.

"Amekwenda?" aliuliza.

"Amekwenda, Mama."

Hakuwahi kumdanganya mama yake kwa jambo la msiba, na aliona haya.

Jumatatu iliyofuata alisema "namba nne" na kutaka kupita. Craig alimkatiza bila ukali: kumbukumbu za kikao zinahitaji jina kamili. Noelene alilia kidogo, waziwazi, na hakuna aliyemharakisha. Kisha akalitamka, na mlango ukafunguliwa.

"Pole, Mjomba."

"Soma tu," mzee alisema, akivuta kiti. "Nawe una watoto wa kulisha."

Noelene akafungua ukurasa wa pili. Jina lilikuwemo mara tatu zaidi, kwa hiyo mjomba hakujisumbua kuinuka aende zake.