Tone la Mgeni

Suud alipotokwa na damu ufizini pale paredi, mimi ndiye niliyesimama kumsemea. Nilivua kofia, nikamtangazia mwalimu mkuu, kwa sauti ya msoma taazia, kwamba chuya za wali wa skuli zimemjeruhi mwenzetu na sote tunaolala dahalia tunadai samaki. Mstari ulivunjika kwa kicheko. Samaki hatukupata, na damu haikukata hadi adhuhuri.

Suud ni mtoto wa ami yangu, Mzee Mmanga wa Mgogoni. Wiki ile ile nikaona mapajani mwake alama za buluu kama za fimbo, na hakuna aliyempiga. Ngazi ya dahalia, aliyokuwa akiipanda kwa kuruka, akawa anaketi katikati yake kupumzika.

Hospitalini daktari alitueleza taratibu.

"Damu hutengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho. Uboho wa kijana huyu umelala. Hautoi chembe nyekundu, ndiyo maana hana nguvu. Hautoi nyeupe za kupigana na maradhi, wala zile za kugandisha damu."

"Utaamka lini?" ami aliuliza.

"Pengine usiamke. Dawa yake hasa ni uboho wa ndugu wa baba mmoja mama mmoja, ukilingana na wake, na hutiwa ng'ambo. Kwa sasa tumtie damu. Ipo kwenye friji."

"Damu ya nani?"

"Ya watu waliojitolea."

"Watu gani?"

Daktari, mtu wa bara, hakulielewa swali. Mpemba yeyote angelielewa. Tangu uchaguzi, ami hakununua hata kibiriti kwenye duka la mtu wa chama kile kingine. Hakupanda gari yao, hakuzika maiti wao. Leo damu yao imwingie mwanawe?

"Tutatoa wenyewe," alisema. "Friji lenu lifungeni."

Basi ukoo ukapanga foleni. Mimi nilikataliwa kwa kukosa kilo, nikatoa hotuba badala yake. Ahmada, ndugu pekee wa Suud wa tumbo moja, alitoa kila aliporuhusiwa. Suud alikuwa akipata rangi, kisha akififia tena.

"Yakhe, nimekuwa mabetri ya redio," aliniambia. "Mnaniweka juani nipate taarifa ya habari, halafu nazimika."

"Taarifa yenyewe ya chama gani?"

"Muulize baba. Yeye ndiye mwenye kituo."

Kisha akaja daktari bingwa, mwanamama mpole, akachukua vipimo vya Suud na Ahmada. Majibu yaliporudi, yalikuwa yamelingana. Bi Mwanapili, mama yake Suud, alisujudu pale pale kwenye sakafu ya wodi. Nami niliacha mzaha kwa muda, jambo ambalo wauguzi walidhani ni homa.

"Kabla sijawaandikia wa ng'ambo," bingwa aliuliza, "alikuwa akitiwa damu ya nani?"

Ami alinyoosha kanzu yake. "Yetu wenyewe. Ya Ahmada zaidi. Tone la mgeni halikuingia."

Bingwa aliitua kalamu.

"Mzee wangu, mwili hujifunza. Kwa damu ile, mwili wa Suud umekwishamjua Ahmada na kujiandaa kumpinga. Tukimtia uboho wake sasa, yumkini utaukataa. Nitawauliza, lakini msijipe matumaini. Angelitiwa damu ya watu baki, ingelikuwa afadhali."

"Watu baki," ami alirudia, kama mtu anayejifunza neno.

Jibu la ng'ambo lilikuja: hawatampokea. Yaliyobaki, bingwa alisema, ni damu tu ya kumsogeza, na itoke nje ya ukoo. Friji wiki hiyo lilikuwa tupu, na kijijini kwetu watu wa chama chetu ndio huo huo ukoo wetu.

Baada ya alasiri nilifuatana na ami hadi dukani kwa Vuai, ambako watu wa chama kile hukaa barazani. Alitoa salamu. Waliitika, maana kuitika ni wajibu, lakini hakuna aliyesogea kumpa nafasi.

"Nataka damu," alisema. "Ya kumtia mwanangu."

Vuai alikuwa akipima sukari. "Si ulisema hata maji yetu hunywi, Mzee Mmanga?"

"Nilisema."

"Mama yangu hukumzika."

"Sikumzika."

"Itamponya?"

Nilimwomba Mungu amtie ami uongo mdogo tu, ninao mwingi wa kumwazima.

"Haitamponya," alisema.

Vuai aliifunga sukari, akateremsha mlango wa duka. "Twende."

Suud aliutazama mfuko ukining'inia juu yake. "Ya nani hii?"

"Ya Vuai," nilimjibu.

"Basi uchaguzi ujao nina kura mbili."

Uchaguzi ujao uko mbali, na yeye analijua hilo kuliko mimi.

Damu ya Vuai ilimkaa kwa muda mfupi kuliko ya Ahmada. Iliyofuata ilikaa kwa muda mfupi zaidi. Ami hurudi barazani pale, hasemi tena anataka nini. Wakimwona anakuja, mmoja wao huwa ameshasimama, anatafuta kandambili zake.