Kabla ya Sifuri

Kijiko kiligonga ukuta wa kikombe mara tatu, kikanyamaza. Gizani, kwenye kitanda cha juu, mhudumu wa vyumba alifumbua macho, na kabla hajakumbuka yuko wapi alikuwa ameshakumbuka siku yenyewe. Chumba chao kilikuwa chini kabisa ya meli, hakina dirisha. Humo asubuhi haikuwa na mwanga, ilikuwa na sauti tu, nayo ni hiyo ya mwenzake, mpishi wa mikate, akikoroga chai yake ya kutoka zamu.

"Amka, mzazi," mpishi alisema. "Baadaye usije ukanisingizia kuwa sikukuamsha."

Angelalaje? Miezi saba hajamgusa mwanawe. Alimwacha binti wa miaka miwili na nusu, anayelala kwa kumshika mama sikio, na sasa kwenye simu alikuwa mtu mzima kidogo, anajibu kwa kutikisa kichwa. Meli hii hubadilisha abiria kila baada ya siku kumi, tena mbali, nchi za watu. Leo, mara moja tu katika mkataba mzima, ilikuwa inabadilisha abiria katika bandari ya kwao. Dada yake alikuwa ndani ya basi tangu jana, mtoto mapajani. Saa nne wangekuwa langoni.

Wanaoijua meli kwa picha hawaijui siku ya kubadilisha abiria. Asubuhi watu elfu mbili na ushee hushuka, mchana wengine elfu mbili na ushee hupanda, na katikati ya hao na hawa meli lazima ionekane kama haijawahi kulaliwa na mtu. Mhudumu alikuwa na vyumba kumi na sita. Kitanda huvuliwa shuka kwa mkono mmoja huku mwingine ukipapasa chini ya mito, maana watu husahau meno, hereni, hata pete za ndoa. Siku hiyo tayari alikuwa amekutana na baba mmoja koridoni, amejifunga taulo la meli. Usiku, masanduku yalipowekwa nje ya milango ili yachukuliwe, alikuwa ameweka yote, na nguo ya kuvaa asubuhi ikaenda na masanduku. Wahudumu walimtafutia suruali ya jikoni. Alishuka nayo kichwa juu kama balozi.

Lakini yote hayo huenda kwa neno moja: sifuri. Mlinzi wa mlango mkuu ana mashine inayolia kila abiria anapotoka, na mashine inahesabu waliobaki. Ikifika sifuri, kipaza sauti kinatangaza. Kabla ya hapo abiria wapya hawapandi, na mfanyakazi hashuki hata akiwa na msiba. Ruhusa ya mhudumu ingeanza kwenye sifuri na kuishia saa tano na nusu. Baada ya hapo alitakiwa kusimama mlangoni na sare safi, akitabasamu.

Saa nne na robo vyumba kumi na vitano vilikuwa tayari. Simu ilitetemeka mfukoni: tumefika, tuko langoni, mwanao anauliza meli inaumwa nini mbona inanguruma. Alicheka peke yake, akafungua mlango wa chumba cha kumi na sita, na kicheko kikamkauka.

Bibi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, koti limefungwa vifungo vyote, mkoba mapajani. Miguuni pake yalisimama masanduku mawili, lake na la mumewe, ambayo usiku hakuyaweka nje.

Huyo bibi wafanyakazi wote walimjua. Mumewe alianguka siku ya nne ya safari, wakati wa chakula cha mchana, na hakuinuka tena. Tangu hapo babu alikuwa katika chumba cha baridi cha maiti, chini, jirani na maghala ya viazi. Bibi alikuwa akiletewa supu ambayo hakunywa.

"Bibi, wenzako wameshashuka," mhudumu alisema taratibu.

"Wache washuke, mwanangu. Mimi nitatoka naye. Mlango atakaotolewa yeye, na mimi nipitie huohuo." Akanyoosha kola ya koti. "Miaka arobaini na sita hatujawahi kushuka mahali mmoja akamwacha mwenzake."

Mhudumu alitoka koridoni kumtafuta msimamizi, ambaye wote walimwita Bwana Bado, kwa sababu asubuhi kama hiyo hakuwa na neno jingine. Alimkuta akiitazama saa yake kana kwamba imemtukana. Alipomweleza, Bwana Bado alipandisha pumzi na kuishusha. Maiti hushushwa kwa mlango wa chini, wa mizigo, alisema, na mlango huo kwa kazi hiyo haufunguliwi mpaka abiria wote wawe wametoka, wasije wakaona. Nao hufungwa kabla wapya hawajafika, wasije wakaona.

"Sasa si ndiyo hapo, bosi," mhudumu alisema. "Yeye hatoki kabla ya babu, na babu hatoki kabla yake."

"Ndiyo hapo. Saa tano kamili nitaleta walinzi wamnyanyue. Na wewe utabaki ofisini kuandika maelezo, chumba ni chako."

Maelezo aliyajua. Ni karatasi, kusubiri sahihi, kusubiri ofisa amalize simu. Saa tano na nusu ingemkuta humo humo, mwanawe nje ya uzio na biskuti mkononi.

Alirudi chumbani. Alipiga magoti mbele ya bibi ili macho yao yawe sawa, kama afanyavyo mtu anayemvisha mtoto viatu. Baadaye alijaribu kukumbuka kama alisita. Hakusita.

"Bibi, samahani, nilikuwa sijui. Ndiyo naambiwa sasa hivi. Babu ameshatangulia. Alishushwa alfajiri. Yuko nje anakusubiri."

 Nje, mbali, toroli za mizigo zilikuwa zikigongana.

"Umemwona wewe mwenyewe?"

"Nimemwona."

"Walimfunika? Yeye hapatani na baridi."

"Walimfunika vizuri sana, bibi. Kwa blanketi."

Basi yule bibi akainuka. Hakuhitaji mlinzi wala kigari. Alishika sanduku la mumewe, la kwake akamwachia mhudumu, na koridoni alitembea haraka kidogo, kama mtu aliyemchelewesha mwenzake. Penye mlango mkuu alimshika mhudumu shavu, akamwambia Mungu ampe watoto wenye moyo kama wake. Mashine ikalia. Kipaza sauti kikasema: sifuri.

Alimaliza chumba kwa dakika kumi na moja. Chini ya mto wa upande wa ukutani alipapasa akakuta shati la babu, limekunjwa dogo kama leso, bado lina harufu ya mtu. Alisimama nalo katikati ya chumba. Halafu alilitia mfukoni mwa sare, na kitanda akakivuta shuka mpaka kikawa hakijawahi kulaliwa.

Ngazi ya wafanyakazi ilishukia ubavuni, karibu na mlango wa chini. Magari ya viazi na vitunguu yalikuwa yamezimwa injini. Wapakiaji wamevua kofia, wamezishika vifuani. Wanaume wanne walitoa machela iliyofunikwa plastiki ya kijivu, hakuna blanketi, wakaiingiza katika gari jeupe lisilo na maandishi. Gari likageuka kuelekea geti la mizigo, upande wa pili kabisa wa bandari. Halafu kofia zikarudi vichwani, na mtu akapiga kelele vitunguu viingie kwanza.

Mhudumu alikimbia.

Langoni dada yake alimwinua mtoto juu ya umati wa abiria wapya, waliojipanga na mabegi, wakipigana picha meli ikiwa nyuma yao. Mtoto alificha uso shingoni mwa mama mkubwa. Mhudumu hakumlazimisha. Alikaa kwenye ukingo wa saruji, akafungua biskuti, akaanza kuila mwenyewe polepole, akiisifu. Dada alimtania kwamba amekuwa mwembamba kama ufagio, kwamba hiyo meli inamla yeye badala ya yeye kuila. Ilichukua dakika nane. Kisha mkono mdogo ukaja ukachukua nusu ya biskuti, na baada ya mkono akaja mtoto mzima, mzito kuliko alivyodhani, akakaa mapajani na kumshika sikio.

Saa tano na dakika tano. Alikuwa na dakika ishirini na tano, na alijiambia atazitumia zote.

Ndipo alipomwona. Hatua thelathini hivi, kwenye benchi refu la wanaosubiri mabasi, bibi alikuwa amekaa na koti lake, sanduku huku na sanduku huku. Kila aliyepita na sare alimsimamisha akamuuliza kitu, na kila mmoja alitikisa kichwa. Mpagazi mmoja alimwonyesha meli kwa kidole, akimweleza kwa utaratibu, kama anayefafanua ratiba. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alirudi kukaa, taratibu sana, akaweka mikono juu ya mkoba.

Mhudumu aligeuka, akalipa benchi mgongo. Shati lilimbana mfukoni, kati ya mwili wake na wa mwanawe. Aliuliza habari za nyumbani, za meno mapya, za jirani aliyehama, na dada yake alijibu yote, huku akimtazama kwa jicho la kuuliza una nini. Mtoto alikuwa amemkumbatia shingo, kidevu kimetua begani pake, anatafuna na kutazama nyuma.

"Mama, yule bibi anatuangalia."