Hakuna Kitu Juu ya Wodi ya Wazazi

Kabla ya alfajiri kijiko kiligonga ndani ya kikombe jikoni, taratibu, kikanyamaza, kisha kikaanza tena. Bwana Sahani akafungua macho. Alijua ni binti yake, ambaye tangu tumbo limekuwa kubwa alikuwa halali vizuri. Alikoroga chai polepole ili asiwaamshe wenzake, na kwa kukoroga polepole hivyo aliwaamsha wote. Mama yake naye alikuwa macho, lakini alijifanya amelala. Mtoto aliyejitahidi kiasi hicho kutosumbua watu hakustahili kuambiwa kwamba ameshindwa.

Bwana Sahani halikuwa jina lake. Alikuwa Mchunguzi wa Mkoa wa Vitu Vinavyoruka, na watu hawakuwa na muda wa kukimaliza cheo hicho. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya idara ya mifugo. Zamani iliwekwa humo dawa ya kuogeshea ng'ombe, na harufu yake ilikuwa haijahama. Alikuwa na darubini, dira, tepu ya kupimia, vikopo vya kutilia udongo ulioungua, na pikipiki iliyowaka baada ya kubembelezwa.

Kazi ilikuwepo. Vitu vilitua mashambani na kupita juu ya soko. Kimoja kilikuwa na tabia ya kusimama juu ya uwanja wa mpira kila palipokuwa na mechi, na kuondoka timu ya nyumbani ilipofungwa. Watu walitoa taarifa, Bwana Sahani akaenda. Alivua viatu mlangoni, akakaa pale alipoonyeshwa, akasikiliza mpaka mwisho. Wazee wengine walimweleza kwanza habari za kitu kilichoruka, halafu za magoti yao, halafu za watoto waliohamia mbali na hawapigi simu. Yote aliyasikiliza akiwa ameshika kalamu, ili wasije wakadhani sehemu ya magoti haikuwa na maana.

Kisha alirudi ofisini na kuchagua mojawapo ya majibu yaliyoruhusiwa na Makao Makuu. Kilichoonekana kilikuwa puto la hali ya hewa, au nyota ya asubuhi, au ndege mkubwa. Lilikuwepo pia jibu la mwisho, "kitu kisichojulikana", lakini aliyelitumia aliletewa askari wenye lori na wavu. Kitu kilinaswa, kikapelekwa Makao Makuu, na kama kilitoa mwanga kilitundikwa kwenye maegesho ya magari ya wakubwa. Mchunguzi wa mkoa wa jirani aliwahi kulitumia kwa kitu kidogo cha rangi ya chungwa. Baadaye alikwenda semina akakikuta juu ya gari la Mkurugenzi, kimefifia, kikamtambua. Tangu siku hiyo huandika nyota ya asubuhi hata kwa mambo ya saa sita mchana.

Asubuhi ile Bwana Sahani alikuwa anafunga kamba za viatu simu ilipolia. Aliyepiga alikuwa mkunga wa kituo cha afya kilicho nje kidogo ya mji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kuna kitu juu ya bati langu."

"Kinafanya nini?"

"Kinamulika."

"Kinawasumbua?"

"Hata kidogo. Juzi nimezalisha chini yake, nimeona mpaka kope za mtoto. Sikupigii kushtaki. Watu wameanza kuulizana, nikaona bora uje wewe kwanza, kabla hawajaja wasio na adabu."

Kituo hicho kilikuwa hakina umeme. Transfoma yake iliazimwa na Mkuu wa Mkoa, aliyekuwa amejenga chemchemi yenye taa za rangi mbele ya nyumba yake ya kilimani kwa ajili ya mgeni wa siku moja. Mgeni alikuja, akaisifu chemchemi, akaondoka. Transfoma ikabaki kilimani. Tangu hapo mkunga alizalisha kwa mshumaa, kwa simu za mashemeji, na kwa tochi aliyoibana kwa meno. Msimu wa mvua uliopita mama mmoja alitokwa damu gizani, na wote waliokuwa pale walidhani ni maji. Mkunga hakuwa mtu wa kulisimulia hilo. Ila tangu siku ile kila alipoingia wodini aliinama na kupapasa sakafu kwanza, kisha akanusa vidole vyake.

Binti wa Bwana Sahani angejifungulia hapo hapo. Hapakuwa na pengine pa karibu.

Alifika mchana. Kitu kilikuwa mahali pake, mfano wa karai lililofunikwa, upana wake kama wodi yenyewe, kikielea kimo cha kiganja juu ya bati. Kilitoa mlio mdogo kama wa friji. Kilikuwa kimesogea upande ili kisizibe mfereji wa mvua unaojaza tangi. Mwanga wake ulipita kwenye bati kana kwamba bati ni kitambaa, ukashuka juu ya vitanda bila kutupa vivuli. Mama mmoja aliyejifungua jana yake alikuwa ameketi akikata kucha za mwanawe.

"Kinapata joto," alisema mkunga. "Nakiwekea beseni la maji pale juu ya ngazi. Asubuhi nalikuta tupu, tena limesuuzwa."

Bwana Sahani akapanda ngazi na tepu yake. Alipofika ukingoni, kitu kikajiinua upande mmoja, kama mtu anavyoinua mkono apimwe na fundi cherehani.

"Ahsante," alisema Bwana Sahani, akapima.

Aliposhuka mkunga alikuwa amemtolea kigoda, amekifuta vumbi kwa upande wa khanga yake.

"Sasa utaandika nini?"

"Nikiandika hakijulikani, watakuja na wavu."

"Na ukiandika nyota?"

"Nyota haikai juu ya bati, mama. Hata wao hawatakubali."

"Basi andika taa. Si inamulika?"

Bwana Sahani alilifikiria neno hilo njia nzima. Lilikuwa neno zuri. Kwa kuwa alizijua ofisi, alipita kwanza shirika la umeme, ambako alipokewa na karani mwenye sauti laini aliyempisha kwenye kiti chake mwenyewe, kwa sababu cha wageni kilivunjika mguu.

"Kile kituo cha afya bado kipo kwenye foleni ya kurudishiwa transfoma?" aliuliza Bwana Sahani.

"Kipo, mzee wangu. Cha kwanza kabisa." Karani akatazama kompyuta yake. "Lakini hapa naona tumesikia kina mwanga. Kina mwanga au hakina?"

"Kinao, ila unatoka kwenye kitu kinachoelea juu ya bati."

"Sisi hatuulizi unatoka wapi. Tunauliza upo au haupo."

"Upo."

"Basi upo," alisema karani kwa upole, akabonyeza kitufe, na kituo kikatoka kwenye foleni. "Ukizimika mje mara moja. Tutawaweka mwisho, lakini kwa moyo wote."

Bwana Sahani akarudi ofisini, akakaa kwenye harufu ya dawa ya ng'ombe. Akiandika kitu hakijulikani, kitachukuliwa na wodi itarudi gizani. Akiandika ni taa, wodi itahesabiwa ina umeme na transfoma itabaki kilimani mpaka mwisho wa dunia. Alimfikiria binti yake na kijiko chake. Akaandika: taa.

Makao Makuu hawakulipenda neno hilo, kwani halikuwemo kwenye majibu. Mkurugenzi akasema atakuja mwenyewe kutoa tamko.

Siku ya tamko ilianza na uchungu. Binti alishikwa asubuhi akiwa anaanika nguo, akamalizia kubana vibanio vyote ndipo akamwita mama yake. Jirani, ambaye walikuwa hawasemeshani naye kwa sababu ya kuku, alitoa gari kabla hajaombwa, akatandika shuka lake jipya kwenye kiti cha nyuma. Walipofika kituoni walikuta viti vimepangwa uani, vipaza sauti vinajaribiwa, na nyuma ya tangi la maji limeegeshwa lori la askari, wavu umekunjwa vizuri kama chandarua.

"Hao ni wa nini?" aliuliza mkunga.

"Ni wa tahadhari," alijibu msaidizi wa Mkurugenzi. "Inategemea tamko litakavyokwenda."

Mkurugenzi alichelewa kama ilivyo ada ya wakurugenzi, hata jua likazama. Alipanda jukwaani, akavaa miwani, akafungua hotuba, akaisogeza karibu na uso, akaisogeza mbali.

"Nani ana taa hapo?"

Juu ya bati kitu kikajiinamisha kidogo, na sehemu ya mwanga wake ikamwagika juu ya karatasi. Herufi zikaonekana vizuri mpaka alama za mkato.

"Hapo hapo," alisema Mkurugenzi. "Usitingishike." Akasoma: "Ndugu wananchi. Uchunguzi wa kina umethibitisha kwamba hakuna kitu chochote juu ya jengo hili."

Ndani ya wodi binti akapiga ukelele. Mkurugenzi akasubiri kwa heshima, akidhani ni vigelegele, kisha akaendelea. Alisema hakuna kitu, hakijawahi kuwepo kitu, na wanaosema kipo wanarudisha nyuma maendeleo. Alipofungua ukurasa wa pili upepo ukaukunja, mwanga nao ukausubiri ukunjuke.

Mkunga akatokea mlangoni, mikono juu, glavu zimelowa.

"Mheshimiwa, samahani, nina dakika moja tu. Transfoma yetu je?"

"Mama yangu, wewe una mwanga mzuri kuliko wa ofisini kwangu. Unataka transfoma ya nini?"

"Mwanga huu si umesema haupo?"

"Nimesema kitu hakipo. Mwanga upo, wote tunauona. Tusichanganye mambo."

"Haya," alisema mkunga, akarudi ndani, kwa sababu mtoto hakuwa anasubiri tamko.

Watu wakapiga makofi, maana walijua makofi hufupisha. Msaidizi akamletea Bwana Sahani karatasi. Ilisema kwamba yeye, mchunguzi aliyepanda mwenyewe na kupima, hakuona kitu. Tepu ilikuwa bado mfukoni mwake. Aliwatazama askari, ambao walikuwa wameshashusha mguu mmoja mmoja kutoka kwenye lori, akatazama dirisha la wodi. Mkewe alikuwa amesimama pale akimpepea binti yao kwa kifuniko cha sufuria. Alimtazama mumewe, akaendelea kupepea.

"Una shaka?" aliuliza Mkurugenzi.

"Sina."

Akatia sahihi. Askari wakarudisha miguu yao ndani ya lori. Mmoja wao, kijana mwenye uso wa usingizi, alipunga mkono kidogo kuelekea kwenye bati kabla gari halijaondoka.

"Na mwisho," alisema Mkurugenzi akikunja hotuba, "namshukuru kijana aliyetushikia taa. Vijana kama hawa tunawahitaji."

Kitu kikabadilika rangi, kikawa chekundu kidogo ukingoni, kama mtu aliyesifiwa mbele ya wageni. Kisha kikakusanya mwanga wake wote na kuurudisha wodini, na Mkurugenzi akajikwaa kwenye ngazi ya jukwaa.

Mtoto alizaliwa viti vikiwa vinakusanywa. Alikuwa wa kike. Mkunga alimpokea, akamweka kifuani kwa mama yake, halafu akatazama chini na kuiona damu. Safari hii hakuwa na haja ya kupapasa. Aliiona ilipoanza, akaona inatoka wapi na inakwenda kwa kasi gani. Akaomba hiki na kile bila kupandisha sauti, akakandamiza, akachoma sindano, akakandamiza tena. Mlio wa juu ya bati ulikoma kabisa, kana kwamba kuna mtu ameziba pumzi. Damu ikasimama, na mlio ukarudi.

"Umemaliza kazi yako, mama," mkunga alimwambia binti, kwani habari za kijiko alikwisha simuliwa na mama yake. "Sasa lala, nisikusikie unakoroga chai."

Binti akacheka, akalala. Bwana Sahani alibaki kwenye benchi la nje na tepu yake mkononi. Alipoletewa mjukuu alimshika kwa uangalifu mkubwa. Chini ya ule mwanga aliona mishipa midogo kwenye masikio yake, na nywele laini mabegani. Alitafuta jibu gani lililoruhusiwa linamfaa, akaacha.

Mbingu zilipoanza kupauka, kilimani chemchemi ya Mkuu wa Mkoa ilikuwa bado inarusha maji, mekundu, kisha ya kijani, kisha ya buluu. Mwenyewe alikuwa safarini na hapakuwa na wa kuitazama. Foleni ya transfoma ilikuwa imesogea hatua moja mbele, kwa kuwa kuna aliyetolewa.

Kitu kikanywa maji ya beseni, kikalisuuza, kikaanza kunyanyuka. Kila baada ya usiku wa kuzalisha kilikwenda kupumzika, hakuna aliyejua wapi, na mkunga aliona si adabu kuuliza. Alitoka uani akijifuta mikono, amechoka, akakinga macho kwa kiganja.

"Haya, mwanangu, nenda kapumzike," alisema. "Ila jioni urudi. Tena leo uje mapema, nina wa mapacha."