Sanda ya Tae-shik

Kwon Bun-im alimfumia mwanawe sanda mwanawe angali mzima, na kwa sanda hiyo akampoteza. Watu wa Solgol wakisimulia habari hii huanzia kwenye mafuta ya CBD, dawa inayokamuliwa kwenye maua ya bangi, kwa kuwa mafuta ni jambo jipya na kila mtu anataka aonekane analijua. Lakini mafuta yalikuja baadaye sana.

Solgol iko nje kidogo ya Andong, na tangu enzi za mababu wanalima bangi ya nyuzi. Mashina huchemshwa kwa mvuke, maganda huchunwa, wanawake huyapasua kwa meno na kusokota uzi juu ya goti tupu. Kitambaa chake ndicho wanachozikwa nacho wafu wa nchi nzima. Mzee akitaka kuishi sana hushonewa sanda yake mapema, mwaka ule kalenda ya mwezi mwandamo inapopata mwezi wa nyongeza, maana mwezi huo hauna mwenyewe na mauti hayauangalii. Lakini hayo ni mambo ya wazee. Bun-im alikuwa na mtoto mmoja tu, Tae-shik, na Tae-shik alikuwa na kifafa tangu utotoni. Akiwa na miaka ishirini na mmoja alianguka kando ya tanuri la mvuke, akaponea chupuchupu. Mwezi wa nyongeza ulipoingia, mama mtu akafuma sanda ya kimo cha kijana, akaifungia sandukuni, na moyo wake ukatulia. Kijana akaikuta siku anatafuta soksi.

"Mama, unanisubiri nife?" aliuliza.

Badala ya kueleza, Bun-im aliona haya. Akamwambia afunge sanduku, chakula kinapoa. Kesho yake Tae-shik akaenda zake Seoul.

Imepita miaka kumi na minne. Hupiga simu mwaka mpya na sikukuu ya mavuno, dakika mbili. "Umekula, Mama?" "Nimekula. Wewe je?" "Nimekula." Basi. Bun-im alikuwa na hamu ya kumwona mwanawe mpaka akawa anajionea aibu. Supu alikuwa bado anapika ya watu wawili, kisha anaila yote peke yake akiwa amesimama.

Sasa, wakati wa kuvuna, majani na maua hukwanyuliwa yakachomwa mbele ya afisa. Ndivyo sheria isemavyo, watu wasije wakayavuta. Mwaka huu, badala ya afisa na kiberiti chake, alikuja binti mmoja aitwaye Seo Da-hyeon, kutoka kiwanda kipya ng'ambo ya mto, na magunia na kibali cha kuyachukua maua. Mchana akala tambi pamoja na wanawake bandani.

"Kumbe tulichokuwa tunachoma ni dawa?" alisema Mal-sun, jirani yake Bun-im, mwanamke asiyeweza kunyamaza hata mdomo umejaa. "Miaka yote hiyo nimekaa kwenye moshi wake, wala sijalewa hata siku moja. Hasara tupu."

"Ungeukalia miaka mia usilewe, bibi," Da-hyeon alicheka. "Hii ya kwenu ina kilevi kidogo mno. Sisi tunachokamua kwenye maua kinaitwa CBD, na hakipandi kichwani."

"Kama hakipandi kichwani, kinakwenda wapi? Magotini?"

"Nchi za nje wapo wanaojipaka viungo vikiuma. Wengine wanadondosha mafuta yake chini ya ulimi wapate usingizi, wapunguze wasiwasi. Hayo bado yanachunguzwa, msije mkasema niliwaahidi magoti mapya. Na anayetumia dawa nyingine lazima daktari wake ajue, maana zinaweza kugongana. Lililothibitika vizuri ni moja, aina kadhaa za kifafa."

Bun-im akaweka bakuli chini. Hata Mal-sun aliacha mzaha.

"Na mtu mzima?" Bun-im aliuliza. "Wa miaka thelathini na mitano?"

"Inategemea ni kifafa gani, bibi. Na si haya ya magunia. Ile ni dawa ya cheti cha daktari."

"Niandikie jina lake. Herufi kubwa."

Kwa miaka kumi na minne hakuwahi kupata sababu ya kumpigia mwanawe siku isiyo sikukuu. Leo alikuwa nayo mkononi, kwenye karatasi aliyoandikiwa na Da-hyeon. Akazunguka nyuma ya banda, akapiga.

"Mama? Kuna nini? Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Nimepata dawa yako." Akamsomea karatasi yote mbiombio, asije akaambiwa kuna kazi. "Inatoka kwenye maua yetu, Tae-shik, maua haya haya. Njoo nikupeleke kwa daktari."

"Mama, ninaitumia. Mwaka wa tatu sasa. Mwaka huu nimeanguka mara mbili tu."

Alifurahi, mtu asije akasema hakufurahi. Lakini akaketi juu ya gunia. Siku zote alijiambia kwamba mtoto hazuiliwi na kitu ila ugonjwa, anaogopa kuangukia safarini. Kumbe ana nafuu miaka mitatu, na hakuja.

"Sikuondoka kwa ajili ya kifafa, Mama."

"Najua."

Alijua pia kwamba sasa ataulizwa kama amekula, na simu itakatwa. Karatasi haikuwa na msaada tena.

"Ile sanda," akasema, "niliifuma ili uishi. Wazee wakishonewa wanaishi, nikasema, na wewe kwa nini usiishi? Nilikosea, halafu nikaona haya kukwambia. Sina dawa ya kukupa, mwanangu. Ninataka kukuona tu. Nimekuwa na hamu nawe miaka yote hii, nimechoka."

Bun-im akaitazama simu kama bado inawaka.

"Mama," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo, "basi la asubuhi kutoka Andong linafika hapo saa ngapi siku hizi?"

Bun-im alikuwa akilisikia basi hilo kila siku ya Mungu, na kila siku alichungulia nani anashuka. Akafungua mdomo amjibu, saa ikamtoka kichwani kabisa.

"Subiri," akasema, huku anakimbilia bandani kumuuliza Mal-sun. "Subiri, mwanangu, usikate."