Gauni la Mapacha wa Kosele

"Kwani mtoto asiye na mama anataka nguo yake peke yake, ama anataka nguo tu?"

Nyasuguta ndiye aliyeuliza hivyo, siku ile Bochaberi alipoanza kazi yake mpya. Nyasuguta huuza omena, wale dagaa wa ziwani, na nyanya jirani na kibanda cha Bochaberi, nyuma ya soko la Migori, pale ambapo lori la Isebania likipita vumbi hutua kwanza kwenye omena, kisha kwenye vitambaa. Aliuliza bila ubaya, huku akifukuza nzi kwa kipande cha katoni. Bochaberi hakumjibu. Alikuwa na pini mdomoni.

Jibu alikuwa nalo, ila lilikuwa refu. Alikuwa amelipata Kosele, alikokwenda na akina mama wa kanisa lake kwa mkutano wa maombi. Siku ya kurudi walipita sokoni kununua viazi. Hapo akamwona mtoto wa kike amesimama kando ya maembe ya watu, mikono nyuma, amevaa gauni la kijani. Mwenye maembe akapaza sauti: "Wewe wa kituo! Toka hapo, mwizi!" Mtoto yule hakuwa amegusa kitu. Aliyegusa alikuwa mwingine, mwenye gauni la kijani vilevile, naye alikuwa ameshafika mbali akila. Bochaberi aliona yote mawili, kwa sababu yeye ni mtu wa kutazama. Aliuliza, akaambiwa kuna kituo cha watoto yatima pale. Wanashinda na kula hapo, jioni wanarudi kwa nyanya zao. Mfadhili mmoja aliwanunulia jora zima la kitambaa cha kijani, wakashonewa wote sawa. Tangu hapo soko lote lilikuwa limesahau majina yao. Wote waliitwa wa kituo, na kosa la mmoja likawa la wote.

Aliporudi Migori alimweleza Emmah, binti wa kaka yake, aliyekuwa amesomea ushonaji Kisii na sasa alikuwa anakaa naye. Emmah ndiye aliyeipa kazi ile jina. Kila nguo ingekuwa na kitambulisho kidogo shingoni kilichotariziwa *Yako Tu*. Wangenunua mitumba ambayo watu wameikataa, mapazia, mashuka, makoti yaliyopasuka bitana, wayafumue na kuunganisha upya, na hakuna nguo ingekuwa na mwenzake. Kila gauni la mtu mzima likiuzwa, mtoto mmoja wa Kosele angeshonewa lake, nalo lisifanane na la mtoto mwingine yeyote.

Bochaberi aliiweka kanuni hiyo kwa njia yake. Vielelezo vyake alivikata kwa magazeti ya zamani, na nguo ikiisha, gazeti lilikwenda jikoni kuchemshia chai.

"Hivi nitarudia vipi?" alimwambia Emmah. "Hata nikitamani, nimeshainywa."

Kwa muda nguo zilining'inia tu. Watu wa Migori walizisifu, wakaenda kununua mahali pengine. Mlango ulifunguliwa na Madam Truphena, mwenye duka la nguo Homa Bay mjini, aliyekuja siku moja na gari lake akitafuta fundi. Dukani kwake palikuwa pametokea aibu. Wanawake wawili, wote wake za watu wakubwa, walinunua kwake gauni la aina moja bila kujuana, wakakutana nalo kwenye harambee.

"Wakawekwa meza moja," alisema Madam. "Wamekaa pale kama kwaya. Hakuna aliyerudi dukani kwangu tangu siku hiyo. Mimi nataka nguo ambayo mtu akivaa, hataiona kwa mwingine hadi azikwe. Unaweza kuniahidi hivyo, Mama Motari?"

"Naweza," Bochaberi alisema. Motari ni mwanawe wa kwanza.

"Uniahidi kabisa."

"Nimeahidi."

Madam akaagiza mzigo wa kwanza, na akasema ukiuzika atachukua mwingine na mwingine. Katika kupekua akaona gauni moja lililokuwa bado kwenye charahani. Lilitokana na pazia zito la njano, lenye ndege wadogo wa buluu wanaoruka wote upande mmoja. Sketi yake ilikuwa pana, ya kuzungusha. Madam alilishika akalisogeza kifuani.

"Hili si la duka," alisema. "Hili ni langu. Nitalivaa siku nikipanga nguo zenu dirishani. Mtu mwingine asiliguse."

"Hakuna atakayeligusa," Bochaberi alisema.

Kwa tumaini la mzigo huo, Bochaberi na Emmah walishona mapema magauni ya watoto, wakayapeleka Kosele. Vitambaa viliwatosha nusu yao. Nusu nyingine waliambiwa wangoje mzigo wa Homa Bay uende. Siku hiyo ilikuwa nzuri. Watoto walizunguka uwanjani, kila mmoja akitaja rangi yake. Zamu ilipowafikia wasichana wawili waliosimama wameshikana mikono, Bochaberi alimpa mmoja gauni lililotoka kwenye mabaki ya pazia la ndege, na wa pili gauni la miraba myekundu. Caleb, msimamizi wa kituo, alikohoa kidogo.

"Mama, hawa ni mapacha. Apiyo na Adongo."

"Nimeona," Bochaberi alisema. "Basi hao ndio wanahitaji zaidi kutofautishwa."

Caleb ni mtu wa heshima. Mgeni ameleta zawadi, hakuongeza neno.

Basi Ijumaa moja asubuhi, siku ambayo Madam alitarajiwa kuchukua mzigo wake, alikuja mwanamke mzee akiuliza kibanda hadi kibanda. Alikuwa na mfuko wa karatasi. Kosele wanamwita Nyar Magunga, kwa sababu aliolewa kutoka Magunga, na mapacha wale ni watoto wa marehemu binti yake. Bochaberi alimpa kiti na chai. Mzee alikunywa hadi tone la mwisho kabla ya kutoa magauni mawili na kuyaweka mezani.

"Mama, ulifanya vizuri. Mungu akuzidishie. Sasa nimerudisha."

"Hayakuwatosha, dani?" Bochaberi aliuliza. Alimwita bibi kwa Kijaluo, lugha ya mzee mwenyewe.

"Yanatosha sana. Lakini Apiyo akivaa hili la ndege, Adongo anakaa nyumbani. Adongo akivaa hili jekundu, Apiyo anakaa nyumbani. Kanisani wanakuja kwa zamu kama walinzi." Emmah alicheka; mzee hakucheka. "Na sasa Adongo amekataa chakula. Anakunywa uji kidogo, basi. Kwetu mapacha hawapewi hivi, nyathina, mtoto wangu. Ukimpa mmoja kitu, unampa mwenzake kilekile. Usipofanya hivyo ni kama unamwambia mmoja aende."

"Aende wapi?" Emmah aliuliza.

Mzee akamtazama. "Unajua ni wapi."

Nyasuguta alikuwa ameshaacha omena zake, amesimama pembeni amekunja mikono. "Si nilikuuliza mimi?" alisema. "Nilikuuliza, ukanyamaza na pini zako."

Bochaberi hakuwa mtu wa kuogopa miiko. Alilelewa katika nyumba ya Wasabato, na mama yake alikuwa akisema kwamba anayemcha Mungu hana nafasi ya kuogopa vingine. Lakini alishika lile gauni jekundu akaliona halijachakaa hata kidogo. Lile la ndege lilikuwa limeshikwa-shikwa pindoni na mikono isiyokuwa ya mwenyewe, bila shaka ya pacha mwenzake. Haya ya kifo aliweza kuyaacha kwa mzee. Ya mtoto kukataa ugali hayakuwa ya kuachia mtu.

"Tutawashonea mawili mapya," alisema. "Yafanane."

"Hilo la ndege Apiyo ameshapewa," mzee alisema. "Pacha hanyang'anywi alichopewa. Anatafutiwa mwenzake tu."

"Basi anti, tuyakate haya mawili katikati," Emmah alisema haraka. "Tuyaunganishe nusu kwa nusu. Mmoja njano kulia, mmoja njano kushoto. Kila mtu atapata, na hakuna atakayesema tumerudia."

Mzee alivuta magauni yote mawili kifuani kwake. "Kitu cha mapacha kinakatwa katikati? Wee msichana, wewe umezaliwa wapi?"

"Nyamira."

"Nyamira hakuna wazee?"

Nyasuguta alicheka hadi akashika nguzo.

Bochaberi alikwenda kwenye kapu la mabaki, akapekua hadi chini. Pazia la ndege lilikuwa limeisha. Kilichobaki hakikutosha hata kola. Akainua macho. Gauni la Madam Truphena lilikuwa limening'inia ukutani, limepigwa pasi, kitambulisho kikiwa shingoni.

"Anti, hapana," Emmah alisema.

"Sketi yake ni pana."

"Anti, hilo ni la Madam! Yuko njiani. Na ni lile alisema mtu asiguse. Halafu unataka kurudia nguo, kitu kimoja tu alichokuambia usifanye. Akikasirika akaacha mzigo, wale wengine wa Kosele watavaa nini? Utawaambia wabaki na kijani kwa sababu ya mtoto mmoja?"

"Nimesikia."

"Mpigie simu basi. Muulize."

Bochaberi aliitazama simu iliyokuwa juu ya charahani. Alijua akiuliza atakatazwa, na akikatazwa atatii, kwa maana ahadi aliitoa mwenyewe na gauni lilikuwa la Madam. Aliifunika simu kwa kitambaa. Akafunga macho kwa muda mfupi, midomo ikicheza, kisha akalitungua gauni akachukua wembe na kuanza kufumua mshono wa kiuno.

Emmah alikaa kwenye ngazi ya mlangoni, akawapa mgongo.

Kielelezo hakikuwapo, kilikuwa kimechemsha chai siku nyingi. Bochaberi alilaza gauni la Apiyo juu ya kitambaa, akafuata ukingo wake kwa chaki, mkono, kwapa, pindo. Tangu Yako Tu ianze hakuwahi kukata nguo kwa kufuata nguo. Alihakikisha ndege wanaruka upande uleule. Mzee alisogeza kiti, akawa anashika kitambaa kisiteleze, na wakati mwingine aliweka kidole mahali akisema, "Hapa pana zaidi." Aliposema hivyo Bochaberi alipima, akakuta ni kweli, akapunguza. Alikanyaga charahani bila haraka. Kufikia jua kuinama magauni mawili ya njano yalikuwa juu ya magoti ya mzee, na mzee alikuwa akiyageuza huku na huku kama anayetafuta tofauti na anayeomba asiipate.

Ndipo gari la Madam liliposimama.

Aliingia akicheka, akamsalimia mzee kwa Kijaluo akiwa ameinama kidogo, wakaulizana habari za huko na huko. Emmah alikuwa amefunga mzigo kwenye gunia safi. Madam aliuinua kujaribu uzito, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akatazama ukutani.

"Na langu liko wapi, Mama Motari?"

Bochaberi alisimama. "Liko kwa magoti ya dani."

Madam alitazama. Ilimchukua muda kuwaona ndege. Ukutani kilikuwa kimebaki kifua cha gauni na mikono yake miwili, bila chini.

"Ulinipigia simu?"

"Sikupiga."

"Kwa nini?"

"Ungekataa."

"Ningekataa," Madam alisema. "Ndiyo. Na hayo ni mawili?"

"Ni mawili. Ni ya mapacha. Nilipowapa mara ya kwanza nilikosea, sasa nimerekebisha. Gauni lako nimelikata mimi, Emmah hana kosa. Nitakushonea lingine, uchague kitambaa chochote."

"Uliniahidi."

"Nilikuahidi. Nimevunja."

Emmah aliinuka kwenye ngazi. "Madam, mzigo wako wote ni sawa kama tulivyosema. Hakuna hata moja lililorudiwa. Naapa."

"Leo hakuna," Madam alisema.

Nyar Magunga akasema jambo kwa Kijaluo, taratibu. Waliosikia walielewa majina tu, Apiyo, Adongo. Madam aliweka gunia chini, akachutama mbele ya mzee, akayachukua magauni yale. Aliyashika mabegani yote mawili, akayaacha yaning'inie sambamba, akayaangalia hadi chini kama mtu ambaye ameshawahi kuvalishwa hivyo, ama ameshawahi kuvalisha. Lile jipya lilizidi lingine kidogo kwenye pindo. Alimwonyesha Bochaberi kwa kidole. Bochaberi akaona, akakubali kwa kichwa, akachukua wembe.

Madam alimrudishia mzee magauni, akampa mkono kwa mikono miwili. Akasimama, akavuta mkoba wake begani. Gunia lilikuwa katikati ya kibanda; Emmah alilisogeza karibu naye, kwa mguu, kama bahati mbaya. Madam alilitazama, akaliinua, akaliweka juu ya meza ya kukatia, akalikalisha vizuri lisianguke, na akatoka nje na mkoba wake tu, akawasha gari akaondoka.