Mlango wa Baba Nani

Chuoni walimwita Mama Ndoto, na jina lenyewe hakulikataa. Kazi yake ilikuwa kuwalaza watu mchana kweupe. Walipokuja baada ya chakula aliwabandika nyaya kichwani, akawafunika shuka, akavuta mapazia mazito, kisha akakaa upande wa pili wa kioo kutazama mistari ikitetemeka kwenye kompyuta. Macho yao yakianza kuchezacheza chini ya kope, aliingia polepole na kuwaamsha.

"Nini kilikuwa kinapita kichwani mwako sasa hivi?"

Wengine walimwambia. Wengine walimtukana kwanza, maana usingizi mtamu hauna adabu. Miaka nenda miaka rudi akasikiliza watu wakiruka bila mabawa, wakifanya mtihani uchi, wakigombana na marehemu. Dada yake mkubwa, muuguzi mstaafu, hakuchoka kumtania: "Sisi tulikuwa tukisinzia kazini tunafukuzwa. Huyu mwenzetu, watu wakisinzia yeye anapanda cheo."

Na kweli alipanda. Alipofanywa profesa alitakiwa kutoa mhadhara mbele ya wakubwa wa chuo, wanafunzi na ndugu. Yeye mwenyewe akawaalika pia waliowahi kulala kwenye chumba chake. Aliona si haki kuwaacha nyuma.

Alianza na kisa cha nyumbani.

"Nilikuwa mdogo, tunahama nyumba. Baba aliung'oa mlango wa chumba chetu, kwa kuwa aliuchonga kwa mikono yake, akasema hamwachii mtu. Akaubeba mgongoni, akakata nao mtaa mzima. Mimi niko nyuma yake, nimeshika kitasa. Kila tukikutana na mtu, baba anamwambia, 'Karibu, piga hodi!'" Watu wakaangua kicheko. "Sasa, hiyo si ndoto. Ilitokea. Na ndiyo iliyonifanya nitake kujua mpaka wa ndoto uko wapi."

Hapo mwanamke mmoja akasimama katikati ya ukumbi. Alikuwa fundi cherehani, ametoka kazini mbio mpaka kasahau kuvua tepu ya kupimia shingoni.

"Samahani, daktari," alisema. "Hiyo ni ndoto yangu."

Ukumbi ukacheka tena, wakidhani ni sehemu ya mhadhara. Fundi hakucheka.

"Nilikusimulia mwenyewe uliponiamsha. Mlango, kitasa, piga hodi, yote. Yule ni baba yangu."

Akakaa. Jinsi alivyoumaliza mhadhara ule, Mama Ndoto mwenyewe hakujua. Mdomo uliendelea kusema, akili ilishatoka nje.

Pale mlangoni mwa ukumbi, watu wakimpa mkono, alimvuta dada yake pembeni.

"Dada, si unaukumbuka ule mlango?"

"Mlango upi? Baba na mgongo wake ule mbovu? Hata ndoo ya maji alikuwa anamwachia mama." Dada akamtazama vizuri. "Nilidhani unawachekesha tu."

Kesho yake akaenda kwa mama yao. Akamkuta uani anaanika nguo, akamsaidia kuzikung'uta huku akiuliza habari za ule mlango kama mtu asiye na haraka.

"Aliubeba," alisema mama, bila hata kugeuka. "Nikamwambia, wee mwanamume, watu watatuona vichaa. Hakusikia. Lakini wewe hukuwepo, mwanangu. Ulikuwa tumboni."

Mama Ndoto akabaki na shuka mkononi. Dada yake, aliyekuwa kizingitini, akamkonyeza aingie ndani.

"Usimsikilize mama," alinong'ona. "Siku hizi ukimuuliza lolote anakubali. Juzi nilimuuliza kama tuliwahi kufuga tembo, akasema ndiyo, ila mmoja tu."

Akarudi kazini kichwa kinamzunguka kama pia. Rekodi za sauti za miaka ile hazikuwepo. Zilifutwa kila utafiti ulipokwisha, ndivyo walivyokubaliana na waliolala. Akakaa kwenye kiti chake, akitazama vitanda vitupu upande wa pili wa kioo. Kama mama anasema kweli, basi kisa alikisikia utotoni, akajitia ndani yake. Lakini kilimfikiaje fundi? Labda yeye ndiye aliyemsimulia siku ile, katika kumtuliza apate usingizi. Na kama dada ndiye mkweli, basi profesa mzima amemwibia mtu ndoto, akaivaa miaka yote kama nguo yake. Kila upande alioshika uliteleza.

Mwishowe akaenda kwa fundi. Kibanda kilikuwa kimejaa sare za shule ambazo hazijatiwa vifungo. Fundi akamsogezea kigoda, akaendelea kukanyaga cherehani.

"Nimekuja kukuuliza, dada yangu. Siku ile, kabla hujalala, mimi nilikusimulia chochote?"

Cherehani ikanyamaza.

"Tuliongea," fundi alisema polepole. "Nilikuwa naogopa zile nyaya, ukawa unaniongelesha. Lakini tuliongea nini..." Akafikiri, uso ukambadilika. "Daktari, usinifanyie hivyo. Mimi baba yangu sikumjua. Hakuna picha, hakuna hata anayemtaja. Siku ile ndiyo nilimwona, mara moja tu. Sasa unataka kuniambia nilimwota baba yako?"

"Sitaki kukuambia hivyo. Sijui."

"Kama hujui wewe uliyesomea, nani ajue?"

Fundi akaokota uzi sakafuni, akauviringisha kidoleni.

"Baba yako alikuwa na sura gani? Mle unamomkumbuka, akiwa na mlango?"

Mama Ndoto akafumba macho, akatafuta. Mlango aliuona. Miguu ikitembea chini yake aliiona.

"Uso siuoni," alikiri. "Alikuwa mbele yangu."

"Na mimi hivyohivyo," alisema fundi. "Basi kama hujui, niachie huyo baba."

Akamwachia. Mkuu wa idara alimwambia abadilishe maneno machache tu kabla ya kuuchapisha mhadhara, aandike "nakumbuka kama vile", mambo yaishe. Alikataa. Mhadhara ulipochapishwa, kisa hakikuwemo, na wanafunzi walipouliza aliwajibu kwamba hana hakika ni chake. Tangu siku hiyo, anayelala kwake anatulizwa kwa habari za hali ya hewa, basi.

Mama yake alipopata habari alishangaa. "Umempa mtu baba yako?"

"Sijui kama nimempa, mama, au nimemrudishia."

Mama akalifikiria hilo. "Basi mwambie aje anisalimie."

Fundi alikuja Jumapili, kavaa vizuri, miguu inasita. Dada mkubwa alikuwa ameshajiandaa kuomba radhi kwa lolote litakalotoka kinywani mwa mama. Mama akamshika fundi mikono yote miwili, akamtazama kwa muda mrefu, akamgeuza kidogo kwenye mwanga wa dirisha.

"Umekua," alisema.

Fundi akaanza kulia. Dada mkubwa akamgeukia mdogo wake, kama anayeomba maelezo, na Mama Ndoto akabaki kutikisa kichwa tu, akaenda kumtafutia mgeni kiti.