Naelewa ya Majira

Saa saba mchana usingizi unamkuta Sefania na hedifoni masikioni, ndani ya kibanda cha kurekodia sauti kilichopigiliwa magodoro kuta zote, kwa sababu Fundi Chiduo amekwenda kula na amemwambia asitoke. Atoke aende wapi? Leo Alhamisi ni siku yake ya mwisho. Amebakiwa na neno moja tu, Naelewa, na akishalisema kazi imekwisha, na Nyamizi ndiyo basi tena. Na tuseme ukweli, hajawahi hata kumwona. Mwaka wa pili huu wanapendana kwenye katuni ya televisheni, yeye akiwa Majira, karani mpole katika ofisi ya siri inayoendesha njama zote za dunia, Nyamizi akiwa Mkurugenzi wa ofisi hiyo. Lakini Nyamizi hurekodi Jumanne, Sefania Alhamisi, na mahaba yao huunganishwa na Fundi Chiduo, mtu ambaye kukupa salamu tu ni kazi. Sefania huisikia sauti ya Nyamizi masikioni, huijibu, kisha hurudi nyumbani kusonga ugali wa mtu mmoja. Anampenda. Haya, limesemwa. Anafumba macho kidogo tu, na godoro la ukutani linalegea, linafunguka, naye yuko upande wa pili.

Upande wa pili ni korido, na si korido ya kufika mahali, ni korido ya kuendelea tu, sakafu yake inang'aa hivi kwamba chini yake iko ofisi nyingine iliyopinduka, na wafanyakazi wa kule wanatembea unyayo kwa unyayo na wa huku. Anapita idara inayohakikisha mvua inanyesha ukishaanika nguo, anapita idara inayokata umeme penalti inapopigwa, anapita idara inayoficha mifuniko ya mabakuli, ambako makarani wawili wanagombania mfuniko mmoja wa bluu, kisha anapita tena idara ya mvua, na sasa imehamia kushoto. Anautazama mkono wake wa kulia. Una vidole vinne. Hapo anajua alipo, maana wachoraji wa katuni yao huchora vidole vinne kujipunguzia kazi, na mtu asiye na maneno mengi hawamchori uso kabisa. Ndiyo maana huyu anayemjia sasa, suti safi, kitambulisho kifuani, uso wake ni mtupu kama sahani iliyooshwa.

Karibu Majira, anasema Uso Mtupu, umekuja kusema lile neno? Mimi si Majira, ndugu yangu, anasema Sefania, namtafuta Mkurugenzi, yuko chumba gani? Yuko Jumanne. Nimekuuliza chumba! Nami nimekujibu, anasema Uso Mtupu, ukienda mbele unakiacha nyuma, ukirudi nyuma unakuta kimeshapita.  Sefania ni mtu wa kusikiliza, watu humwaga shida zao kwake hata kwenye foleni ya benki, hata kinyozi wake alishawahi kulia katikati ya kumnyoa na yeye akakaa na nusu kichwa mpaka mwenzake atulie, lakini leo uvumilivu umemwishia. Wewe bwana, huwezi kujibu kama mtu? Ningeweza, anasema Uso Mtupu, ila sijaandikiwa.

Wanatembea, au korido ndiyo inatembea na wao wamesimama, na kutoka kwenye kuta Sefania anaanza kusikia sauti yake mwenyewe. Naelewa. Naelewa. Ni ileile moja. Aliisema vizuri mno kwenye sehemu ya kwanza, kwa upole uliomtoa Fundi Chiduo chozi, na tangu siku hiyo Fundi huirudisha kila mahali. Mkurugenzi amesahau chakula chao cha jioni: Naelewa. Mkurugenzi amemtuma mwezini kwa makosa: Naelewa. Na kwenye sehemu hii ya mwisho, ambayo wanaitakia Naelewa mpya, Mkurugenzi anatakiwa amfute Majira kwenye kumbukumbu ya dunia nzima ili ofisi ipone, naye ajibu nini? Mtu mzima, na akili zake! Sielewi, anapiga kelele Sefania, mnanisikia? Sielewi, na nimechoka kuelewa! Kuta zinanyamaza. Korido inakuwa mtaa, mtaa wa nyumba zinazotazamana kama mtu na kioo, na katika kila dirisha kuna Majira mmoja anakula peke yake, nyusi zimechorwa kwa huruma, na barabara yote inakwenda kuishia kwenye kioo kimoja kirefu.

Nyuma ya kioo yupo mwanamke, hedifoni masikioni, magodoro mgongoni. Ana uso, uso wa kawaida kabisa, na amevua viatu, viatu vya kijani, vimelala ubavu chini ya kiti. Sefania anagonga kioo. Nyamizi! Hasikii. Akisikia atakuwa ameshaondoka, anasema Uso Mtupu. Hebu nyamaza wewe! anasema Sefania, na anagonga kwa mikono yote miwili, anagonga, anagonga.

Anayegonga ni Fundi Chiduo, upande wa pili wa kioo cha kibanda. Amka bwana, tumalize. Kisha anamgeuzia kisogo na kuinamia mitambo yake. Masikioni inaingia sauti ya Nyamizi, ya Jumanne: Majira, lazima usahaulike, utanisamehe?  Fundi, anasema Sefania, usikate hapo, iache iendelee mpaka mwisho. Mwisho wa nini, hamna kitu hapo. Iache tu. Fundi Chiduo anaguna, anaiacha. Kimya. Kiti kinalia. Halafu Nyamizi, sauti iko mbali na maikrofoni: Fundi, ngoja nivae viatu. Hivi huyu wa Alhamisi ni mtu kweli, au mnanirudishia ile naelewa moja tu?

Umesikia? anauliza Sefania. Nimesikia nini, anasema Fundi Chiduo bila kugeuka, haya, sema neno lako. Sefania anasogeza mdomo kwenye maikrofoni. Ni mtu, anasema. Naitwa Sefania, na sielewi. Fundi Chiduo anasema hicho hakijaandikwa, naweka ile ya zamani. Weka, anasema Sefania, mimi nitakuja Jumanne. Jumanne si siku yako, ni ya Nyamizi kumalizia zake. Najua. Anavua hedifoni, anauingiza mkono wa kulia mfukoni kabla hajavihesabu vidole, anafungua mlango, na korido ya nje ni ndefu kuliko alivyoiacha asubuhi. Anaanza kutembea.